UZI: Maneno gani hasa yalikuwa kosa? Uhuru wa kusema, itikadi kali, na hukumu ambayo Mombasa haikuipata

Bin_Kuze (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum kwa wanaoitikia, na wengine hamjambo.

Kila Nairobi inapogusa sheria ya mtandao, au kuzungumzia kusajili wahubiri, sisi hapa Mombasa hurudi barazani na mabishano yaleyale. Mmoja anatoa simu asome kifungu cha 33 cha katiba, kile cha uhuru wa kujieleza. Mwengine anamkata: "Kwani umesahau 2014?" Kahawa inapoa, watu wanaondoka wamenuniana.

Nimechoka na pande zote mbili kwa sababu moja tu. Hakuna anayenijibu: maneno gani hasa yalikuwa kosa?

Sikizeni. Sheikh Aboud Rogo alihubiri miaka hapa Mombasa. Alishtakiwa kwa mauaji ya bomu la hoteli ya Kikambala ya 2002, mahakama ikamwachilia 2005. Januari 2012 akashtakiwa tena, mara hii kwa silaha. Julai mwaka huohuo Umoja wa Mataifa ukamtia kwenye orodha ya vikwazo, kwa madai kuwa anawasaidia Al-Shabaab kupata pesa na vijana. Agosti 27 akamiminiwa risasi barabara ya Malindi, ndani ya gari, mkewe yumo. Alikufa bila kupatikana na hatia ya neno hata moja alilolisema mimbarini. Oktoba 3, 2013 akauawa Sheikh Ibrahim Omar. Aprili 1, 2014 akauawa Sheikh Abubakar Shariff, tuliyemwita Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Hilo la mwisho lisomeni mara mbili: mtu anatoka kortini, anauawa nje ya korti.

Sikuwa mfuasi wao. Kuna siku nilivaa viatu nikatoka khutba ikiendelea, kwa yale niliyokuwa nikiyasikia. Lakini hakuna jaji aliyekaa na rekodi za hotuba zile akatenganisha: hii ni dini, hii ni siasa kali ambayo mtu ana haki nayo hata ikikuudhi, na hii sasa ni kuwaita watu kwenye damu, utafungwa. Hukumu hiyo tungekuwa nayo leo. Tungeweza kumwekea kijana mbele asome mwenyewe. Tulichobaki nacho ni misiba na klipu.

Tujadili bila matusi tafadhali.

NahodhaLikoni

Bin Kuze yakhe, hilo ni swali la mtu aliyekuwa mbali na moto. Sisi wa Likoni hatukuhitaji jaji wa kutufasiria.

Sheikh Mohammed Idris alikuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, CIPK. Alipinga waziwazi vijana kuvutwa kwenye itikadi ile. Vijana wakamtoa Sakina kwa nguvu, msikiti aliousimamia yeye. Juni 10, 2014 akapigwa risasi hapa kwetu Likoni. Wewe umewataja watatu, huyu wa nne umemwacha. Kwa nini?

Na nikuulize: nani alikuwa na uhuru wa kusema siku hizo? Aliyeshika mimbari ni yule mwenye vijana waliobeba visu. Kuna kipindi nilikuwa naswali huku jicho moja liko mlangoni. Wanaharakati wanahesabu midomo iliyofungwa na serikali. Iliyofungwa na vijana wa msikitini haiingii kwenye ripoti.

Bin_Kuze

Nahodha, Sheikh Idris sikumwacha kwa kumsahau, nilitaka ajadiliwe peke yake, na umefanya vizuri kumleta. Yeye pia aliuawa na watu walioona hakuna haja ya kubishana naye. Serikali ilifunga milango ya misikiti, wale walifunga mdomo wa sheikh. Wote wawili walikwepa kazi moja, ya kumsikiza mtu na kumjibu.

MamaPendo_Majengo

Nitasema kwa ufupi maana suala hili linanipandisha presha.

Agosti 2012, baada ya Rogo kuuawa, makanisa yalivamiwa. Oktoba 2013, baada ya Ibrahim, kanisa la Jeshi la Wokovu hapa Majengo likachomwa. Jumapili ya Machi 23, 2014 waumini wakapigwa risasi wakiwa ibadani Likoni, kanisa la Joy in Jesus. Sisi hatukumuua sheikh yeyote. Jirani zangu Waislamu walituingiza ndani kwao siku hizo, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Lakini kuna mtu aliyekuwa amewafundisha wale vijana kwamba kanisa na serikali ni kitu kimoja. Huenda hakusema "chomeni". Alisema tu, Ijumaa hii, Ijumaa ijayo, mpaka likawakaa. Mnionyeshe kifungu cha sheria kinachomshika mtu huyo nitakaa nisome. Kama hakuna, msinihubirie uhuru.

Wakili_Tudor

MamaPendo, kipo, na kimo ndani ya kifungu kilekile cha 33 ambacho watu husoma nusu yake.

Ibara ndogo ya pili inasema uhuru wa kujieleza hauhusu propaganda za vita, uchochezi wa fujo, matamshi ya chuki, wala kueneza chuki kunakofikia kuwatweza wengine au kuchochea wadhuriwe. Hayo hayakuwekwa na polisi. Tuliyapigia kura 2010. Juu yake kuna Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Kwa hiyo mtu anayewafundisha watu kila wiki wamchukie jirani yao anaweza kushtakiwa hata kama neno "chomeni" halikutoka kinywani mwake.

Sheria haikukosekana, kilichokosekana ni kesi. Na kesi ya maneno ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Unataka rekodi kamili, si kipande. Unataka mfasiri anayejua Kiswahili cha Mombasa pamoja na Kiarabu cha mimbarini, maana sheikh anaweza kusoma aya, akatoa kisa cha zamani, na wote waliokaa chini wakajua anamsema nani. Unataka shahidi aliyekuwepo ambaye hataogopa kufa. Halafu uthibitishe kuwa msemaji alikusudia madhara. Kumpiga mtu risasi barabarani hakuhitaji lolote katika hayo. Kuzoa watu msikitini kwa malori pia hakuhitaji.

Kuna kipimo ambacho mimi hukitumia kortini. 2012 wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walikubaliana mjini Rabat, Morocco, mambo sita ya kutazamwa kabla ya kumfunga mtu kwa maneno yake: hali ilivyokuwa wakati ule, msemaji ni nani na ana ushawishi gani, alikusudia nini, alisema nini na kwa namna gani, maneno yalifika umbali gani, na madhara yalikuwa karibu kiasi gani kutokea. Sentensi ileile, ikisemwa na mtu anayecheza bao Mwembe Kuku, na ikisemwa na sheikh mbele ya umati siku ya tatu ya msiba, si kitu kimoja.

Wamarekani wana kipimo kigumu zaidi. Tangu kesi ya Brandenburg ya 1969, maneno lazima yawe yamekusudiwa kuleta uvunjaji wa sheria papo hapo, na yaelekee kweli kuuleta. Katiba yetu haikufika huko, na kwa mji huu mimi sioni ubaya.

Mzee_MwembeTayari

Wanangu, mnaanza hadithi katikati.

1992 vyama vingi viliporudi, Mombasa kulizaliwa Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ya Moi ikakataa kukiandikisha ikisema ni chama cha dini. Sheikh Khalid Balala alikuwa akisimama hapahapa Mwembe Tayari, watu wanajaa mpaka gari hazipiti. Akakamatwa, mji ukawaka moto. Baadaye akiwa Ujerumani serikali ikakataa kumfanyia upya pasipoti, akakwama huko mpaka 1997. Mimi nilikuwa na duka karibu na hapo. Siku za vurugu nilishusha mlango nikaketi ndani na kitambaa cha maji puani.

Maneno yake yalikuwa makali? Makali sana, na mengine ya kutisha watu. Lakini mengi yalikuwa ya siasa, ya watu wanaoona wamewekwa nyuma kwao wenyewe. Chama kingeyapeleka kwenye uchaguzi, yakapata kura au yakakosa. Mlango ulipofungwa malalamiko hayakwenda popote, yalibaki hapahapa yakangoja mwenye kuyatumia. Sisemi IPK ilizaa Al-Shabaab, msinitie maneno mdomoni. Nasema kijana wa 1992 aliambiwa sanduku la kura si njia yake.

Halafu njooni kwa MRC, Mombasa Republican Council, waliotaka Pwani ijitenge. "Pwani si Kenya." Oktoba 2010 wakapigwa marufuku, kwenye orodha moja na magenge ya wahalifu. Julai 2012 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo, na 2016 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo. Katikati hapo vijana wangapi wamelala rumande kwa maneno matatu hayo? Mwisho wake, Novemba 2017 baada ya uchaguzi, magavana wawili, Joho wa Mombasa na Kingi wa Kilifi, wakasimama mchana kweupe wakasema Pwani ijitenge. Wakarudi majumbani mwao wakala chakula cha usiku.

KijanaWaBuxton

Hiyo ya mwisho imenimaliza. Akisema gavana ni siasa, akisema mvuvi ni usalama wa taifa.

NahodhaLikoni

Mzee nakuheshimu, shikamoo yako iko palepale. Lakini tusichanganye ardhi na ugaidi. Anayedai shamba la babu yake hamwambii mwanangu akafe Kismayu.

Mzee_MwembeTayari

Marahaba mwanangu. Sikuchanganya mimi. Aliyechanganya ni yule aliyewaandika kwenye karatasi moja.

MwandishiHuru

Nilikuwa kwenye habari miaka hiyo, acha niongeze upande wetu.

Novemba 2014 polisi waliingia Masjid Musa na Sakina, baadaye Swafaa na Minaa. Usiku wa kwanza pekee walikamatwa zaidi ya watu 200, na misikiti yote minne ikafungwa. Polisi walionyesha maguruneti na visu. Sawa, kama yalikuwemo, mwenyewe ashtakiwe. Lakini kati ya watu 200 walikuwemo wazee waliokwenda kuswali tu, na mtu wa aina hiyo akirudi nyumbani hawezi tena kumwambia mwanawe aiamini serikali.

Mwezi uliofuata bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama, siku ile wabunge walipopigana na kumwagiana maji ukumbini. Ndani yake kulikuwa na kifungu kipya cha 66A cha Kanuni ya Adhabu: kuchapisha maneno au picha zinazoweza kutia umma hofu, jela hadi miaka 3. Na kingine kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi: ukitangaza habari inayovuruga uchunguzi wa ugaidi bila idhini ya polisi, umekosa. Yaani ili niandike kwamba polisi wamekosea, nikaombe ruhusa kwa polisi.

Februari 23, 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walivifuta vifungu vinane vya sheria ile, hivyo viwili vikiwemo. (Ajabu ni kwamba India nao walikuwa na 66A yao, ya mtandao, na mahakama yao ya juu ikaifuta mwezi mmoja baadaye. Nambari ina mkosi.)

Lakini niwaambie ukweli wa chumba cha habari: hukumu ilipokuja tulikuwa tumeshajifunza kunyamaza. Habari ya kijana aliyechukuliwa usiku Bondeni inakuwa aya mbili ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Na aliyetaka kupaza sauti aliona yaliyowapata MUHURI na HAKI Africa. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa ambako waliuawa watu 148, mashirika hayo mawili ya haki za binadamu yakawekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusika na ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Novemba mahakama hapa Mombasa ikaamuru zifunguliwe. Miezi saba. Nahodha, unasema ripoti haziwaandiki waliotishwa na vijana. Hao ndio waliokuwa wakiandika ripoti zenyewe.

NahodhaLikoni

Hapo sina jibu la haraka. Nitarudi.

AbuTatu_Kisauni

Samahani naingia na jambo la karibu zaidi na nataka ushauri wa kweli.

Mimi ndiye admini wa kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Mambo yetu ni maji kukatika, mbuzi aliyepotea, mchango wa mazishi. Juzi kijana mmoja akatupia klipu ya zamani ya mmoja wa hao masheikh mliowataja. Dakika chache. Anasema polisi wanaua Waislamu na nchi hii haina haki. Hakuna pahali anasema pigeni. Mwishoni imekatika ghafla, kama mtu amekata makusudi.

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi akanipigia: "Nitumie nambari ya huyo kijana niipeleke juu." Klipu nimefuta. Nambari sijatoa. Nisipoitoa mimi ni mshirika? Na nikiitoa, akija kuchukuliwa usiku na watu wa gari lisilo na nambari, mamake nitamwambia nini? Tunaonana kila siku dukani.

BintiKongowea

Usitoe!!!

Binamu yangu alichukuliwa na watu waliovaa kiraia. Tulizunguka vituo vyote, kila mahali "hatunaye". Mpaka leo hatuna kaburi wala kesi. Kosa lake aliloambiwa mamake ni kwamba "alikuwa akisikiliza mambo mabaya". Kusikiliza.

NahodhaLikoni

Pole sana Binti. Lakini AbuTatu, ukinyamaza na kesho kijana yuko mpakani, mamake atakuuliza pia. Toa nambari, lakini nenda nayo mwenyewe, usimpe huyo mwenyekiti.

MamaPendo_Majengo

Mbona hakuna aliyesema azungumze na mamake kwanza? Leo hii. Kabla ya polisi na kabla ya mawakili. Klipu ya malalamiko huanzia kwenye malalamiko, na mama anajua mtoto wake analalamikia nini.

Msimamizi

Nimeondoa jibu moja lililotaja jina na nyumba ya mtu anayedaiwa kuwa mpelelezi wa polisi Kisauni. Uzi unaendelea.

KijanaWaBuxton

Uzi wa uhuru wa kusema na mnafuta majibu 😂 tumekwisha

Msimamizi

Kumtaja mtu kwa nyumba yake, katika mji ambao watu waliwahi kuuawa kwa kushukiwa hivyo, si maoni. Ukitaka kubisha niandikie pembeni.

Wakili_Tudor

Kwa AbuTatu. Ukijua kuna shambulio linapangwa, hilo halina mjadala: nenda kituoni siku hiyohiyo, hakikisha imeandikwa na umepewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Klipu ya mtu anayelalamika kuhusu polisi si hiyo. Mwenyekiti wa Nyumba Kumi hana mamlaka ya kukusanya nambari za watu kwa simu. Kama polisi wanaihitaji, waje na karatasi. Ulivyofuta ni haki yako kama msimamizi wa kundi, hukumvunjia mtu katiba. Katiba haimlazimishi mtu kukaribisha kila maneno sebuleni kwake.

Na kijana akikamatwa, aletwe kortini ndani ya saa 24, kifungu cha 49. Hapa ndipo naungana na Bin Kuze. Kifungu cha 24 kinaruhusu uhuru wa kusema upunguzwe kwa sheria yenye sababu ya haki. Lakini kifungu cha 25 kimetaja haki chache ambazo hakuna anayeweza kuzipunguza kwa hali yoyote, ugaidi au siyo ugaidi, na humo imo haki ya kushtakiwa na kusikilizwa kwa haki, na haki ya familia kuomba mahakama iamuru mtu wao aletwe. Sisi tumefanya kinyume. Maneno tunayabishania miaka na miaka; ile isiyopunguzwa imepunguzwa mpaka mtu haonekani.

MamaPendo_Majengo

Wakili na Bin Kuze, mnaisifia mahakama kama dawa ya kila ugonjwa. Haya, Shakahola.

Paul Mackenzie alikuwa akihubiri Malindi, ana kituo cha televisheni, mahubiri yako mtandaoni. Aliwaambia watu watoe watoto shuleni. Alikamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, akapelekwa kortini, akatoka. Halafu msituni Shakahola kukafukuliwa maiti zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo. Na mwisho wa 2023, maiti zikiwa zimeshafukuliwa, mahakama ya Malindi ilimpata na hatia katika kesi ya nyuma. Hatia ya nini? Ya kutengeneza na kuonyesha filamu bila leseni! Shtaka la mafundisho ya itikadi kali upande wa mashtaka ulishindwa kulithibitisha, akaachiliwa kwa hilo.

Huyo hakumwambia mtu ampige mwenzake. Aliwaambia wafunge mpaka wamwone Yesu. Kile kipimo cha Rabat kingemshika vipi? Hukumu ninyi mlipata. Ilisaidia nani?

Bin_Kuze

MamaPendo, hilo ni gumu, na nimelala nalo kabla ya kujibu.

Ukisoma kilichotokea, serikali ilifika kortini na shtaka la maneno, kwamba amewachochea Wakristo dhidi ya Wahindu, Wabudha na Waislamu, ikashindwa. Lakini watu wa Shakahola hawakufa kwa kumchukia Mhindu. Walikufa kwa watoto kutolewa shule, wagonjwa kuzuiwa hospitali, watu kuhamishiwa msituni. Hayo ni matendo, na yalikuwa yakionekana na jirani, chifu, mwalimu mkuu anayeona darasa linapungua. Walishughulika na mdomo wake, ambao ni mgumu kuuthibitishia, wakaacha mikono, ambayo ilikuwa rahisi. Misikitini kulikuwa vivyo hivyo: kumwondoa imamu kwa visu ni jinai ya kawaida. Hakuhitaji sheria ya ugaidi wala mjadala wa uhuru wa kusema. Kulihitaji polisi wawili na shahidi mmoja tu, siku ileile Sakina ilipotekwa.

Kwa hiyo bado naisimamia hukumu. Hukumu iliyoshindwa inakuonyesha ulishtaki kitu gani vibaya. Risasi haikuonyeshi kitu.

MamaPendo_Majengo

Maiti 400 ni ada kubwa ya masomo hayo.

MwandishiHuru

Na tazameni baada ya Shakahola serikali ilitaka nini. Si walimu wakuu waripoti watoto wanaoacha shule. Oktoba 2025 Rais alitia saini marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta, yanayoruhusu tovuti kufungiwa kwa kueneza ugaidi au "itikadi kali za kidini". Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vifungu vyake mwezi huohuo, kesi ikisubiriwa. Nani ataamua kali ni ipi? Kwa mtu wa Nairobi, Pwani hata kanzu na msuli huonekana kali.

Chipukizi04

Nimesoma wote kimyakimya. Mimi si yule wa Kisauni, lakini ningeweza kuwa yeye.

Rogo alipokufa nilikuwa na miaka minane. Nakumbuka matairi yanawaka na mama akitufungia ndani, basi. Klipu nimezisikia mwaka huu, nimetumiwa na mwenzangu wa kazini. Mnajua kilichonishika? Nusu ya anayoyasema ni kweli. Polisi wametuonea, ni kweli. Kazi za bandari hatupati, ni kweli. Halafu anatoka hapo anaruka kwenda kwenye damu, na mimi sijui ni daraja gani hilo amelipita. Nilimuuliza imamu wetu. Akasema, "Mambo hayo tusiyaguse, kuta zina masikio." Nikamuuliza baba, akaniambia nifute simu yote. Mtu pekee aliyekubali kuzungumza nami habari hizo ni yule aliyenitumia.

Mnabishana kama niruhusiwe kusikia. Nimeshasikia. Mimi natafuta wa kunijibu.

Maalim_Bondeni

Chipukizi, mwanangu, nakujibu mimi.

Ninasomesha fiqhi miaka mingi. Masuala hayo yana majibu, na si mapya. Nani ana haki ya kutangaza vita, nani haguswi hata vitani, mkataba wa kuishi na jirani asiye wa dini yako, yote yameandikwa kabla ya kuwapo Al-Shabaab. Sheikh Idris alikuwa akiyasema. Alipouawa wengi wetu tulirudi kwenye darsa za udhu na mirathi, maana huko hakuna anayekufuata nyumbani. Upande mmoja tuliogopa kisu, upande wa pili tuliogopa askari kanzu anayekaa safu ya nyuma, asikie neno "jihadi" aandike jina lako bila kusubiri sentensi iishe. Utalijibu vipi jambo ambalo huwezi kulitaja?

Alhamisi baada ya Isha nina darsa. Lete hiyo klipu. Tutaisikiza yote, na pale anaporuka tutasimamisha.

AbuTatu_Kisauni

Maalim, naweza kumleta yule wa kwetu? Nimezungumza na mamake jana, yeye mwenyewe ameniuliza kama kuna mtu wa kumkalisha chini.

Maalim_Bondeni

Mlete. Na mama akitaka aje pia, upande wa wanawake una nafasi.

NahodhaLikoni

Maalim, kuisikiza klipu ile mbele ya vijana, na safu ya nyuma unajua nani anaweza kuwa amekaa. Umefikiria?

Maalim_Bondeni

Nimefikiria. Wakili Tudor, Alhamisi unaweza kuja?

Wakili_Tudor

Nitakuja. Rekodi darsa yote kutoka bismillahi hadi dua, isiwe kipande. Nakala moja nitakaa nayo mimi.